LEBO YA DAWA IKIKOSEWA: MAMA AFANYE NINI, NA SHERIA YASEMAJE?

Leo tuzungumze juu ya kile kikaratasi kidogo kinachobandikwa kwenye chupa ya dawa, au yale maandishi ya kalamu juu ya bahasha ya tembe. Hiyo ndiyo lebo. Mtoto hawezi kujisomea lebo, wala hawezi kusema, "Mama, leo dawa imezidi." Wewe ndiwe macho yake.

Kliniki na katika vikundi vya akina mama mimi huulizwa sana swali hili: "Sista, nikimpa mtoto dawa vile imeandikwa, kumbe imeandikwa vibaya, makosa ni ya nani? Nitashikwa mimi?" Wengine huuliza kwa sauti ya chini, kwa maana wanaogopa hata kusikika wakiuliza. Hofu hiyo ni mbaya kuliko kosa lenyewe, kwa sababu humfanya mama anyamaze wakati ambapo anapaswa kukimbia hospitali. Kwa hivyo leo tutaangalia makosa yenyewe, kisha la kufanya, kisha sheria.

LEBO KAMILI INA NINI?

Kabla hujaondoka dirisha la dawa au kwa kemisti, tazama kama lebo ina mambo haya:

1. Jina la mtoto wako, wala si "mtoto" tu.
2. Jina la dawa na nguvu yake, kwa mfano miligramu ngapi katika tembe moja au katika mililita 5.
3. Kiasi cha kumpa kila mara.
4. Mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi.
5. Tarehe uliyopewa dawa na jina la mahali ulipoipata.
6. Tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwenye pakiti ya kiwanda utaona herufi EXP.

Kama ni dawa ya unga inayochanganywa na maji, uliza pia siku itakayokwisha nguvu baada ya kuchanganywa. Dawa nyingi za aina hiyo hazifai kupita siku 7 hadi 14, na nyingine hutaka kuwekwa mahali pa baridi. Usiweke iliyobaki umpe mtoto mwezi ujao.

Kama husomi vizuri, usione haya. Mwambie anayekupa dawa akuelekeze kwa mdomo, kisha umrudishie maneno yake: "Kwa hivyo nampa nusu ya tembe asubuhi na nusu jioni, siku tano. Sivyo?" Hata aliyesoma chuo kikuu afanye hivyo. Makosa mengi hukamatwa hapo hapo dirishani, kabla mtoto hajaonja dawa.

MAKOSA HUTOKEA VIPI?

Mengi hayatokani na ubaya wa mtu. Foleni ni ndefu, mwandiko ni wa haraka, taa ni hafifu. Haya ndiyo ya kawaida.

Alama za kifupi. Kwenye bahasha utaona "1×3". Maana yake ni tembe moja, mara tatu kwa siku. Kuna wanaosoma tembe tatu kwa mara moja. Pia "½" ikiandikwa ovyo huonekana kama "1-2". Aliyepaswa kupata nusu tembe sasa anapewa moja au mbili, yaani mara mbili au mara nne ya kipimo chake.

Nguvu mbili za dawa moja. Dawa ya maji ya amoxicillin, kwa mfano, hupatikana ikiwa na miligramu 125 katika mililita 5, na nyingine ina miligramu 250 katika mililita 5. Chupa zaweza kufanana. Ukipewa ile kali na lebo iliyoandikwa kwa kipimo cha ile nyepesi, kila kijiko ni maradufu.

Majina yanayofanana. Carbamazepine ni dawa ya kifafa. Carbimazole ni dawa ya ugonjwa wa tezi ya shingo. Yasome haraka uone. Kama mtoto wako hutumia dawa ya kila siku, jifunze jina lake, rangi yake na umbo lake. Siku ukipewa tembe tofauti, uliza kabla ya kuondoka. Huenda ni kampuni nyingine tu iliyoitengeneza, lakini uliza.

Bahasha kubadilishana. Ukiwapeleka watoto wawili siku moja, mmoja wa mwaka mmoja na mwingine wa miaka sita, hakikisha kila bahasha ina jina lake. Dawa nyingi za watoto hupimwa kwa uzito. Ya mkubwa si ya mdogo.

Neno "kijiko". Kijiko cha chai cha dawa ni mililita 5. Kijiko kikubwa cha mezani ni kama mililita 15, mara tatu yake. Vijiko vya nyumbani navyo havilingani. Lebo ikisema "kijiko kimoja" tu, uliza ni mililita ngapi, na uombe kijiko cha kupimia au bomba la sindano lisilo na sindano. Hata pakiti ya ORS ya mtoto anayehara ina maji yake: kuna ya nusu lita na kuna ya lita nzima. Soma kabla ya kuchanganya.

HESABU YA CHUPA

Kuna njia moja rahisi ya kukamata kosa, na haihitaji elimu ya udaktari. Nilifundishwa na mama mmoja aliyekuja kituo nilichokuwa nikifanya kazi. Mtoto wake alikuwa wa miezi mitano, kilo 6, mwenye homa. Alikuwa amenunua kwa kemisti chupa ya mililita 60 ya paracetamol ya maji, ile ya miligramu 120 katika mililita 5. Lebo ilisema ampe mililita 25 mara tatu kwa siku, kwa siku tatu.

Mama yule hakumpa. Alifika na chupa ikiwa haijafunguliwa akaniambia, "Sista, hii hesabu haiingii. Ishirini na tano mara tatu ni sabini na tano. Chupa ni ya sitini. Itaisha leo, na nimeambiwa siku tatu."

Alikuwa amesema kweli. Daktari alikuwa ameandika 2.5, yaani mililita mbili na nusu. Nukta ilipotea wakati lebo ilipokuwa ikiandikwa. Mililita mbili na nusu ni miligramu 60, kipimo kinachomfaa mtoto wa kilo 6. Mililita 25 ni miligramu 600, mara kumi zaidi, na kuzirudia mara tatu kwa siku kungeweza kuharibu ini la mtoto yule.

Fanya hesabu hiyo na wewe. Zidisha kiasi cha kila mara kwa idadi ya mara kwa siku, kisha kwa siku ulizoambiwa. Kama jibu linapita chupa mbali sana, au tembe kwenye bahasha hazitoshi, au zitabaki nyingi kupita kiasi, rudi ukaulize. Chupa kubaki na dawa kidogo si ajabu. Chupa kuisha siku ya kwanza ni ajabu.

KOSA LIKITOKA KIWANDANI

Mara nyingine anayekupa dawa hana kosa, maana lebo ya kiwanda yenyewe imedanganya. Kati ya mwisho wa 2014 na 2015, kaskazini mashariki mwa Kongo, huko Ituri, mamia ya watu, watoto wakiwa wengi miongoni mwao, walipatwa na ugonjwa wa ajabu. Shingo zilipinda, nyuso zilikakamaa, ulimi ukatoka nje. Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba tembe zilizoandikwa diazepam zilikuwa na dawa nyingine kabisa, haloperidol, inayotumiwa kwa magonjwa ya akili. Julai 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari.

Ukweli ulijulikana kwa sababu tembe zenyewe zilipatikana zikapimwa. Kama kila mmoja angetupa tembe zake chooni kwa hofu, hakuna ambaye angejua.

Ndiyo maana kwenye kila pakiti kuna nambari ya bechi, mara nyingi imeandikwa B.No. au Batch. Aprili 2024, Bodi ya Dawa na Sumu hapa Kenya iliagiza bechi moja ya dawa ya kikohozi ya watoto isiuzwe wakati uchunguzi ukiendelea. Mama aliyekuwa na pakiti nyumbani aliweza kujua kama yake ni ile inayotafutwa. Aliyekuwa na chupa bila pakiti wala nambari alibaki kubahatisha. Usitupe pakiti mpaka dawa iishe na mtoto apone.

UKIGUNDUA KOSA, MTOTO KWANZA

Kwanza, usimpe kipimo kingine cha dawa unayoitilia shaka. Lakini kama ni dawa ya kila siku, kama vile ya kifafa, kifua kikuu au virusi vya ukimwi, usikae siku nzima bila kuuliza, maana kuikatiza nako kuna hatari. Nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Pili, kama amekwisha kunywa, mpeleke kituo cha afya mara moja hata kama anacheza. Dawa nyingine hazionyeshi madhara upesi. Mtoto aliyezidishiwa paracetamol aweza kuonekana mzima siku ya kwanza, ini likaonyesha ugonjwa siku ya pili au ya tatu. Ipo dawa ya kuzuia madhara hayo, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa katika saa 8 za kwanza. Kusubiri dalili ni kupoteza saa hizo.

Tatu, usimtapishe kwa kidole, maji ya chumvi wala mafuta. Aweza kupaliwa.

Kimbia zaidi ukiona degedege, usingizi usio wa kawaida, kupumua kwa shida, midomo kuvimba, kutapika kila kitu au macho kuwa manjano. Nenda na chupa, bahasha na pakiti. Mweleze daktari ni dawa gani, kiasi gani, saa ngapi na mara ngapi. Sema kweli hata kama unahisi ni wewe uliyesoma vibaya. Kazi yetu pale ni kumtibu mtoto.

TUNZA USHAHIDI

Mtoto akishatulia, fanya haya:

Weka chupa, bahasha, pakiti na dawa iliyobaki mahali pasipofikiwa na watoto. Usifute wala kuandika chochote juu ya lebo. Piga picha kwa simu, yako au ya jirani. Weka karatasi ya daktari, kijitabu cha mama na mtoto, na risiti. Kama ulilipa kwa M-Pesa, usifute ule ujumbe, kwa maana unaonyesha tarehe, kiasi na uliyemlipa. Kisha andika kwenye daftari ulichopewa, nani alikuelekeza, na mtoto alionyesha nini saa ngapi. Kumbukumbu ya kichwa huchakaa upesi.

Ukirudi kuuliza mahali ulipopata dawa, waonyeshe chupa lakini usiwaachie kabla hujapiga picha. Wakihitaji kubaki nayo kwa uchunguzi, omba wakuandikie kwamba wameipokea.

SHERIA YASEMAJE?

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Kifungu cha 46 kinampa anayenunua bidhaa au kupokea huduma haki ya ubora unaofaa, ya kupewa habari anazohitaji, ya kulindwa afya yake, na ya kulipwa fidia akidhurika kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inasema mtu ana haki ya kutoa malalamiko juu ya alivyohudumiwa, na malalamiko hayo yachunguzwe.

Akina mama wengi hudhani kulalamika ni kushtaki. Sivyo. Zipo njia tatu, na kila moja ina mlango wake.

Njia ya kwanza ni kuripoti na kulalamika. Anza kwa msimamizi wa kituo. Makosa ya dawa, lebo na maduka ya dawa hupelekwa kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo makao yake makuu yako Lenana Road, Nairobi. Bodi hiyo iko chini ya Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244. Wahudumu wa afya wana fomu zake: ya manjano kwa madhara ya dawa, na ya rangi ya waridi kwa dawa yenye ubora wa kutiliwa shaka. Mwambie muuguzi au mfamasia akujazie. Mwananchi naye aweza kuripoti mwenyewe. Kama kosa ni la daktari aliyeandika dawa, lipo Baraza la Madaktari. Muuguzi ana Baraza la Wauguzi, na afisa wa kliniki ana baraza lake. Njia hii haikuhitaji wakili, wala si lazima mtoto awe amedhurika. Yule mama wa hesabu ya chupa alikuwa na haki ya kuripoti ingawa mtoto wake hakuonja hata tone, kwa sababu lebo kama ile ingeweza kumfikia mama mwingine asiyepiga hesabu.

Njia ya pili ni kudai fidia mahakamani. Hapa korti hutazama mambo manne. Je, aliyekupa dawa alikuwa na wajibu kwako? Je, alifanya chini ya kiwango kinachotarajiwa cha kazi yake? Je, mtoto alidhurika kweli? Na je, madhara hayo yaliletwa na kosa hilo, wala si na ugonjwa wenyewe? Moja likikosekana, kesi huyumba. Ndiyo maana karatasi za hospitali ni muhimu. Una haki ya kuomba nakala ya kumbukumbu za matibabu ya mtoto wako. Kwa kuwa mtoto hawezi kushtaki mwenyewe, mzazi au mlezi husimama kwa niaba yake. Na usilale: kwa kawaida madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3, na dhidi ya serikali ni miezi 12 tu. Onana na wakili mapema akueleze muda unaohusu jambo lako.

Huna pesa za wakili? Kituo cha Sheria kimekuwa kikiwasaidia wasiojiweza tangu 1973. FIDA Kenya huwasaidia wanawake na watoto. Pia iko Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya 2016.

Njia ya tatu ni polisi. Hii ni kwa jambo la jinai, kama vile mtu asiye na leseni anayeuza dawa, au anayebandua lebo ya dawa iliyopitwa na wakati na kubandika nyingine. Duka halali huonyesha leseni yake ya mwaka ukutani. Iangalie.

HOFU ZA AKINA MAMA

"Nitashikwa kwa kumpa mtoto dawa iliyoandikwa vibaya?" Mzazi aliyefuata lebo kwa nia njema hakutenda jinai. Kinachomtia mashakani ni kuficha, kuchelewesha matibabu au kutupa dawa ili isijulikane.

"Nikilalamika, siku nyingine watanifukuza, na hii ndiyo zahanati ya pekee hapa kwetu." Hofu hii naielewa. Lakini malalamiko ni haki yako kwa sheria, na Katiba inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Ukiogopa kwenda peke yako, nenda na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au mwenzako wa chama. Sema kwa upole na bila matusi, ukiwa na chupa mkononi. Sauti ya juu humfanya mtu ajitetee, lakini lebo mkononi humfanya aangalie.

"Wamenipa pesa kidogo nisiseme." Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Uliza kwanza. Huenda madhara ya mtoto bado hayajaonekana yote.

"Basi wauguzi na wafamasia watafungwa wote?" Hapana. Ripoti nyingi hazina lengo la kumwadhibu mtu. Husaidia kubadilisha mwandiko, chupa zinazofanana, au jinsi dawa zinavyopangwa rafuni. Sisi wahudumu pia tuna hofu ya sheria, na hofu hiyo hutufanya tunyamaze kama wewe. Pande zote mbili zikinyamaza, anayeumia ni mtoto.

MAMBO YA KUKUMBUKA

- Soma lebo dirishani, urudie maelekezo kwa mdomo.
- Piga hesabu ya chupa kabla ya kipimo cha kwanza.
- Uliza mililita ngapi. Usikubali "kijiko" tu.
- Ukitilia shaka, usimpe kipimo kingine. Nenda kituoni siku hiyo hiyo.
- Tunza chupa, pakiti, nambari ya bechi na risiti.
- Kuripoti si kushtaki. Ripoti hata kama mtoto hakudhurika.

Kwa mazungumzo ya kikundi: kila mmoja alete chupa au bahasha ya dawa aliyo nayo nyumbani. Someni lebo kwa sauti, mpige hesabu pamoja, na mhesabu ni lebo ngapi hazina jina la mtoto. Zile mtakazotilia shaka, zipelekeni kituoni kesho asubuhi.

Mtunze mtoto, nawe ujitunze.